Tarehe Kumi Oktoba Chini ya Mlima Elgon

Siku ya Alhamisi, tarehe 10 Oktoba 2024, Kenya iliadhimisha kwa mara ya kwanza sikukuu ya taifa iitwayo Siku ya Mazingira, ambayo sheria imeitenga ili raia waache kazi zao za kawaida, wapande miti, wafagie masoko na kuzibua mitaro. Huko Kitale, makao makuu ya kaunti ya Trans Nzoia, na huko Bungoma, mji ulio kusini-magharibi yake, siku hiyo iliwakuta watu mawazo yao yako kwingine. Siku mbili kabla yake Bunge la Taifa lilikuwa limepiga kura ya kumwondoa madarakani Naibu wa Rais, Rigathi Gachagua, na Seneti ilikuwa ikijitayarisha kumsikiliza, kazi iliyoimaliza tarehe 17. Nchi nzima ilikuwa na mazungumzo hayo tu. Na mashambani, ambako ndiko riziki ya kaunti zote mbili inakotoka, mahindi yalikuwa yakikaukia kwenye mabua, na mkulima alikuwa akiitazama mbingu kwa hofu, maana mvua ya wakati huo huozesha punje kabla hazijaingia ghalani. Sikukuu iliyonuiwa kupanda miti ikaja katika mwezi ambao ahali ya Trans Nzoia huomba mvua isimame.

Tarehe yenyewe haikuwa ngeni. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 ilijulikana kama Siku ya Moi, kwa taadhima ya Rais Daniel arap Moi aliyekuwa bado katika enzi yake. Katiba ya mwaka 2010 ilipozitaja sikukuu tatu tu za taifa, yaani Madaraka, Mashujaa na Jamhuri, siku hiyo ikaachwa nje na kusahauliwa, hata Novemba 2017 Mahakama Kuu ilipoamua kwamba haikuwa imefutwa kwa mujibu wa sheria, na mwaka uliofuata watu wakajikuta wana mapumziko ambayo hawakuyatarajia. Mwaka 2019 Baraza la Mawaziri likataka iitwe Siku ya Huduma. Baada ya hapo ikawa Siku ya Utamaduni. Na mwaka 2024, kwa marekebisho ya sheria, ikawa Siku ya Mazingira. Tarehe moja imevishwa majina manne katika muda usiotimia miaka arobaini. Sisemi haya kwa dhihaka, kwa kuwa jina hili la nne ndilo bora kuliko yote yaliyotangulia. Nasema ili ieleweke kwamba tarehe 10 Oktoba haikuchaguliwa na mtu aliyeitazama mvua wala udongo. Ilikuwako tayari, haina kazi, na mazingira yakapewa nafasi hiyo kama mgeni anavyopewa kitanda cha mtoto aliyekwenda shule ya bweni.

Wenyeji wa nchi hizi walikuwa na hesabu yao ya majira kabla ya kuletewa hesabu ya serikali. Babukusu wa Bungoma na Trans Nzoia hutahiri wavulana wao mwezi wa Agosti wa kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, na alfajiri ya tohara mvulana hupelekwa mtoni, akaoshwa, akapakwa tope la ukingoni mwili mzima, kisha akarudishwa nyumbani kwa nyimbo na kishindo, akasimama mbele ya ngariba akiwa amevaa tope hilo bila ya vazi jingine. Tope hilo halipatikani popote pale: lataka kijito kinachotiririka, ukingo ambao haujalimwa hadi majini, na kinamasi ambacho hakijakaushwa. Hakuna mzee aliyeiita desturi hiyo hifadhi ya mazingira, wala haitufai sisi kuipachika jina hilo kwa nguvu. Lakini jamii inayohitaji tope la mto ili kumvusha mtoto aingie utu uzima ina sababu ya kuuangalia mto wake, na mtu aliyelima ukingo mpaka maji yakageuka rangi alikuwa akiwakosea vijana wa kijiji kizima. Juu ya Babukusu, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, walikaa Wasabaoti na mifugo yao. Na juu zaidi, katika nyika za Chepkitale zilizoupita msitu, walikaa Waogiek, warina asali na wafugaji, ambao mizinga yao ilitegemea maua ya miti mikubwa iliyo chini yao.

Mambo yaligeuka baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya kikoloni ilipowagawia askari wake wastaafu ardhi ya Trans Nzoia, nao wakafyeka vichaka na miti ya nyikani ili plau zipite bila kizuizi. Reli ilipofika Kitale mwaka 1926 mahindi yakapata njia ya kwenda baharini, na kila mti uliosimama katikati ya shamba ukawa hasara kwa mwenye trekta. Mwaka 1932 msitu wa Mlima Elgon ukatangazwa kuwa mali ya serikali, na tangu hapo Waogiek walioishi humo na juu yake wakahesabiwa kuwa wavamizi katika nchi ya baba zao. Ugomvi huo haukwisha kwa uhuru: mwaka 2000 nyika za Chepkitale zikafanywa hifadhi ya taifa pasipo ridhaa yao, wakaenda mahakamani, na hukumu iliyowapa haki yao ikatoka mwaka 2022. Yeyote anayetaka kuwahubiria watu wa mlima huo fadhila za kutunza msitu hana budi kukumbuka kwamba wamepata kufukuzwa kwa hoja hiyo hiyo.

Upande wa Bungoma hifadhi ya ardhi ilikuja kwa amri na faini. Katika miaka ya 1940 watu waliamrishwa kung'oa magugu na kufanya kazi ya kuzuia mmomonyoko bila ujira, na amri hizo zikawa miongoni mwa manung'uniko yaliyowavuta wengi kwa Elijah Masinde wa Kimilili, ambaye katika ujana wake alikuwa mchezaji hodari wa mpira, na sasa akawa nabii wa Dini ya Msambwa, akiwaita Babukusu warudi kwenye ibada ya mababu na kuuelekea Mlima Elgon katika sala. Serikali ikamfunga, ikampeleka hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari mwaka 1945, ikamwachia mwaka 1947. Na tarehe 10 Februari 1948 polisi wakawafyatulia risasi wafuasi wake huko Malakisi, wakafa watu 11. Sitaki kusema kwamba damu ya Malakisi ilimwagika kwa ajili ya magugu, maana mzozo ulikuwa mpana kuliko hayo, juu ya ardhi, dini na heshima. Hata hivyo yafaa ijulikane kwamba, katika nchi hii, jembe lililoshikwa kwa amri ya mkubwa lina historia yake, na mzee wa Kimilili asipoamka mapema kwenda kuchimba mashimo siku ya sikukuu, uvivu huenda usiwe sababu pekee.

Wakati huo huo, katika Kitale hiyo hiyo ya walowezi, alikuwako mtu mmoja aliyekwenda kinyume cha wenzake. Luteni Kanali Hugh Stoneham alikusanya vipepeo, ndege, mimea, vitabu na vyombo vya wenyeji, akafungua makumbusho yake ya binafsi mwaka 1926, mwaka ule ule wa reli, na alipofariki mwaka 1966 akaiachia nchi mkusanyo wake. Kutokana na wasia huo yakajengwa makumbusho ya Kitale yaliyofunguliwa Desemba 1974, ya kwanza katika bara la Kenya nje ya Nairobi, ambayo mgeni akipita nyuma ya majengo yake hufika kwenye kipande cha msitu wa asili chenye njia ya kutembelea. Msitu huo ni mdogo, lakini ndio unaomjibu mtoto wa shule anayeuliza Kitale ilikuwaje kabla ya mahindi: miti iliyofungana juu, mbega wanaorukia matawi, na ubaridi unaoanza ghafla hatua chache kutoka kwenye jua kali la uwanjani.

Ulimwenguni, siku za miti na za mazingira zina nasaba mbili. Ya kwanza ilianza tarehe 10 Aprili 1872 huko Nebraska, Marekani, kwa juhudi za J. Sterling Morton, katika nchi tambarare isiyo na miti, na kwa hiyo ikachagua majira ya kuchipua, ardhi inapoamka kutoka kwenye baridi. Nchini Kenya wazo lililo karibu na hilo lilionekana tarehe 22 Julai 1922, pale Muguga karibu na Kikuyu, ambapo Richard St. Barbe Baker, mtumishi kijana wa idara ya misitu, pamoja na Chifu Josiah Njonjo, waliandaa ngoma ya miti na kuwaandikisha vijana wa Kikuyu walioahidi kupanda na kulinda. Humo ndimo kilimozaliwa chama cha Watu wa Miti, kilichoenea baadaye nchi nyingi. Nasaba ya pili ni ya mikutano. Mwaka 1972 mataifa yalikutana Stockholm kujadili mazingira ya binadamu, na tarehe 15 Desemba mwaka huo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaitenga tarehe 5 Juni kuwa Siku ya Mazingira Duniani, na likaunda shirika la mazingira, UNEP, ambalo makao yake yaliwekwa Nairobi, likiwa la kwanza la Umoja huo kuwa na makao makuu katika nchi iliyokuwa ikiendelea. Kufikia mwaka 1974 siku hiyo ilikuwa imeanza kuadhimishwa, nayo Nairobi ikawa mwenyeji wake rasmi mwaka 1987.

Mwaka huo wa 1974 wastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu chini ya Mlima Elgon ulikuja na mambo yaliyovutana pande mbili. Mbali na makumbusho niliyoyataja, serikali iliitangaza Saiwa, kinamasi kilichoko kaskazini-mashariki ya Kitale, kuwa mbuga ya taifa, iliyo ndogo kuliko mbuga zote za Kenya, yenye kilomita za mraba zisizozidi tatu, ili kumlinda nzohe, swala wa majini mwenye kwato ndefu zilizochanuka, zinazomwezesha kutembea juu ya matete bila kuzama, na ambaye akishtuka hujitosa majini akabakiza pua peke yake. Mbuga nzima yaweza kuzungukwa kwa miguu, na ng'ambo ya ua wake mna mahindi, mboga na ng'ombe wa maziwa. Mvua ya kwanza ya Machi ikinyesha, udongo wa mashamba yaliyotoka kulimwa huteremka pamoja na mabaki ya mbolea ukaingia kinamasini. Nzohe amezungukwa na wakulima wema wasiomchukia, na hatari yake yatoka kwenye mitaro yao.

Na mwaka huo huo wa 1974, huko Webuye katika wilaya ya Bungoma, kiwanda cha karatasi cha Pan African Paper Mills kilianza kuzalisha. Mtu aliyepita Webuye katika miongo iliyofuata hakuhitaji kibao cha kumwambia amefika, kwani harufu ya kiwanda ilimpokea maili kadhaa kabla ya mji, harufu ya kabichi iliyooza na kiberiti, iliyoingia ndani ya gari hata vioo vikiwa vimefungwa. Mabati ya nyumba za jirani yaliliwa na kutu kabla ya umri wake, na Mto Nzoia, unaoteremka kutoka Cherangani na Elgon kwenda kumwaga maji yake katika Ziwa Viktoria, ulipokea kiwandani maji machafu. Lakini kiwanda hicho ndicho kilichosomesha watoto wa Webuye. Kiliajiri maelfu, kikanunua magogo ya misonobari na misaipresi, kikajenga mji. Na kiliposimama mwaka 2009, hewa ikasafika na maduka yakafungwa. Waandishi wa hotuba za tarehe 5 Juni hupenda kuweka uchafuzi upande mmoja na wananchi upande wa pili. Katika Webuye mtu aliyekohoa usiku ndiye aliyekwenda asubuhi kulisha mtambo, na kiwanda kilipofungwa alilia kuliko wote. Mali hiyo iliuzwa kwa mwekezaji mwingine mwaka 2016, na ikarudi kufanya kazi kwa kiasi kilichopungua.

Tarehe 5 Juni ilipata maana yake ya Kikenya mwaka 1977, siku ya Jumapili, Profesa Wangari Maathai na Baraza la Kitaifa la Wanawake walipoandamana hadi uwanja wa Kamukunji, Nairobi, wakapanda miti 7, kila mmoja kwa heshima ya mtu mashuhuri wa zamani: Waiyaki wa Hinga, Wangu wa Makeri, Madam Ngonyo, Ole Lenana, Gor Mahia wa Ogalo, Masaku Ngei, na Nabongo Mumia, mtawala wa Wanga, ambaye milki yake ilikuwa jirani ya kusini ya Bungoma. Hapo ndipo ulipochipuka mwendo wa Ukanda wa Kijani, uliomfikisha Maathai kwenye Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004. Jambo lililoutofautisha na gwaride za serikali ni dogo na la busara: wanawake wa vijijini walilipwa ujira mdogo kwa kila mche ulioshika, wala hawakulipwa kwa mche uliotoka kitaluni tu. Aliyebuni sharti hilo aliujua vema udhaifu wa wanadamu.

Katika wilaya za magharibi sherehe za Juni zilikwenda kwa dasturi ambayo kila aliyesoma shule huko aijua. Hema huwekwa katika uwanja wa shule au wa chifu, viti vya plastiki mbele na nyasi nyuma. Wanafunzi hukariri ngonjera na kuimba. Mgeni rasmi hukawia. Kisha hupelekwa kwenye shimo lililochimbwa jana, hupewa mche na ndoo, hupigwa picha akiinama, na kibao chenye jina na cheo chake husimikwa kando. Kibao aghalabu huishi kuliko mti. Lakini majira yenyewe yalikuwa ya kufaa: mwezi wa Juni ardhi ya Kitale imelowa, mahindi yamefika kiunoni, na mche ukitiwa udongoni una miezi minne au mitano ya mvua mbele yake.

Kazi iliyobadilisha sura ya mashamba, hata hivyo, haikufanywa siku ya sherehe yoyote. Mwaka 1983 Waswidi wa shirika la Vi walianza kupanda miti katika Pokot Magharibi, nchi kavu iliyo kaskazini ya Kitale, kisha wakaenea Trans Nzoia na kuweka kituo Kitale. Mwaka uliofuata, 1984, kituo cha kilimo cha Manor House kikafunguliwa karibu na mji huo kufundisha vijana kulima kwa samadi na mboji katika eneo dogo. Maofisa wa Vi walikwenda kwa baiskeli na pikipiki kutoka boma hadi boma, wakiwaonyesha wakulima kwamba mgrevilia ukipandwa mpakani hutoa mbao na kuni pasipo kuyanyima mahindi jua kwa kiasi cha kuumiza, na kwamba kaliandra ikikatwa na kupewa ng'ombe huongeza maziwa. Habari ya maziwa iliwaingia watu mioyoni kuliko habari ya hewa. Baadaye, pamoja na Benki ya Dunia, shirika hilo likaingiza maelfu ya wakulima wa Nyanza na magharibi, wa Bungoma wakiwamo, katika mradi wa kaboni ya kilimo, uliopata hati zake za kwanza Januari 2014 kwa hewa chafu iliyofungiwa udongoni. Na mkulima ambaye asingejua kueleza kaboni ni kitu gani alijua kwamba shamba lililofunikwa mabua halikauki upesi.

Serikali nayo ilikuwa na yake. Rais Moi aliunda tume ya kudumu ya hifadhi ya udongo na upandaji miti mwaka 1981, na akaonekana mara kwa mara akibeba mawe ya kuziba makorongo. Mwaka 1987 akapiga marufuku mtindo wa kuwaruhusu wakulima kulima ndani ya misitu ya serikali wakitunza miche michanga, mtindo uliorudishwa baada ya sheria ya misitu ya mwaka 2005 kwa jina na masharti mapya. Mwaka 2009 John Michuki, waziri wa mazingira, aliagiza mikaratusi iondolewe kando ya mito na chemchemi, kwa sababu ya ulafi wake wa maji. Agizo hilo lilizua ikhtilafu kubwa Bungoma, ambako mkaratusi ni akiba ya mzazi: ukifika wakati wa karo, mti mmoja huangushwa, ukauzwa kuwa nguzo au mbao, na mtoto akarudi darasani. Lusiola, mti wa asili ambao Babukusu waliupenda kwa nguzo za nyumba, hukua taratibu kuliko mkaratusi, na karo haingoji. Rai yangu ni kwamba Michuki alisema kweli juu ya maji, nao wazazi walisema kweli juu ya karo. Na hakuna siku ya maadhimisho iliyopata kuwakutanisha.

Katiba ya 2010 iliipa dola wajibu wa kufikisha miti asilimia 10 ya ardhi, na tathmini ya mwaka 2021 ikaonyesha kwamba nchi ilikuwa imefika asilimia 12.13. Desemba 2022 Rais William Ruto akaweka shabaha mpya ya miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, ili asilimia iwe 30, na kutokana na shabaha hiyo zikaanza kutangazwa siku za mapumziko za kupanda. Ya kwanza ilikuwa Jumatatu, tarehe 13 Novemba 2023, ambapo raia walitakiwa kupanda miti milioni 100 kwa siku moja na kuiandikisha katika programu ya simu iitwayo JazaMiti; mwaka huo mvua za El Niño zilikuwa zikimwagika, kwa hiyo miche ilipata maji ambayo Novemba ya kawaida huko Kitale isingeyahakikisha. Ya pili ilikuwa Ijumaa, tarehe 10 Mei 2024, iliyotengwa kuwakumbuka waliokufa katika mafuriko na kupanda miti kwa ajili yao. Ilizaliwa kwa msiba, nayo ndiyo iliyopatana na mvua za magharibi kuliko zote. Ya tatu ndiyo ile ya Oktoba, ambayo sheria imeifanya ya kila mwaka.

Hapa yafaa kumsikiliza mwenye kitalu. Kando ya barabara ya Kitale kwenda Kiminini na Webuye miche hupangwa kwa safu, na mnunuzi wa siku ya sikukuu, aliyetumwa na ofisi yake, huchukua iliyo mirefu, kwa kuwa mirefu hupendeza pichani. Mkulima huuchukua mfupi wenye shina nene, akauinamisha, akatazama chini ya mfuko: mzizi ukiwa umejizungusha chini kama kamba, mti huo umekaa kitaluni kupita muda wake, na hata ukishika utakuja kujinyonga baadaye. Shimo lake huchimbwa futi mbili kwenda chini, udongo mweusi wa juu ukawekwa upande mmoja na mwekundu wa chini upande mwingine, kisha mweusi, uliochanganywa na samadi, ndio unaotangulia kurudi, ukaizunguka mizizi. Mfuko huchanwa na kuondolewa. Wako wanaozika mche pamoja na mfuko wake, na Februari hushangaa. Mwishowe hutandazwa mabua ya mahindi juu ya udongo, isipokuwa palipo na mchwa, na huchomekwa vijiti vya miiba kuzuia mbuzi. Kazi hii kwa mche mmoja humchukua mtu mwenye mazoea karibu robo saa. Mwenye kuambiwa apande 500 kabla ya chakula cha mchana na aanze na picha, atafanya nini ila kutoboa kitundu na kukanyaga?

Mche uliopandwa hivyo tarehe 10 Oktoba mjini Kitale una wiki chache za mvua ya mwisho. Desemba hukatika, Januari upepo wa kaskazi huikausha nchi, ng'ombe na mbuzi huachiwa mashambani kula mabua yaliyobaki baada ya mavuno, nao hawatofautishi bua na mche wa taifa, na Februari watu huchoma takataka za shamba kujitayarisha kwa plau. Huko Bungoma, ambako mvua za pili za mwaka huanza Agosti, hali ni nafuu kidogo, hasa upande wa Kimilili na Kapsokwony ulio karibu na mlima, lakini nako Januari ni Januari. Mti wa mwezi wa Aprili au Mei huikabili Januari ukiwa na mizizi ya miezi minane.

Kwa hiyo sioni haja ya kugombana na tarehe, ambayo tayari ina sheria yake na wafanyakazi walioizoea. Kufagia soko la Chwele, kuzibua mitaro ya Kitale kabla haijajaa chupa za plastiki, kukagua kingo za Nzoia baada ya mafuriko ya mwaka, hizo ni kazi za Oktoba zisizongoja mvua. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti jukumu la kutekeleza sera za hifadhi ya udongo, maji na misitu, wala hakuna kifungu kinachozizuia Trans Nzoia na Bungoma kutenga kwao siku ya kupanda mnamo Aprili, mara mahindi yakishatiwa ardhini, wakati walimu wanaweza kuwapa wanafunzi miche waende nayo makwao. Tarehe 10 Oktoba ingekuwa ya kurudi kuhesabu. Mtoto angefika na daftari, akaandika ni mingapi iliyobaki hai kati ya ile aliyopewa na ni nini kilichoua mingine, mbuzi, mchwa ama kiangazi. Na hesabu ya lokesheni nzima ingesomwa kwenye baraza la chifu, mbele ya wale wale waliopigwa picha mwezi wa Aprili.